Wameponya panya wenye lupasi, sisi je?

BintiTudor (Jumapili, saa 3 usiku)

Asalam aleikum wapendwa, na wengine hamjambo. Nina swali na naomba msinicheke. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, huu mwaka wa tatu tangu aambiwe ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Ilianza na viungo, akiamka vidole vimefura hawezi hata kukamua kitambaa, kisha mashavu yakamtoka wekundu wa kutanda mpaka juu ya pua, sisi tukadhani ni krimu alojipaka ya arusi ya binamu yetu. Tulizunguka we, kwengine akapewa dawa za malaria, kwengine tukaambiwa taifodi, ami yetu akashikilia ni jini akaleta mtu wa kumsomea na kumfukiza ubani mpaka mtoto akakohoa siku mbili. Mwisho ndo daktari mmoja akaagiza vipimo vya damu na mkojo, jina likajulikana. Tangu hapo ni vidonge, jua asiguse, na kila baada ya miezi mitatu mkojo unapimwa protini kwa sababu ya figo.

Sasa juzi kwa grupu la familia kumetupwa video, mzungu kavaa koti jeupe, na maandishi makubwa kwamba panya wenye lupasi wamepona kwa kurudishiwa seli za kinga zilizofundishwa upya. Mamangu tangu aione hajalala, ashaanza kuuliza bei ya tikiti za India na kama kile kiwanja cha Mtwapa kinaweza kuuzwa. Ami naye kajibu kwa neno moja tu, upuzi, ati binadamu si panya. Mimi nimekaa katikati sijui niseme nini. Kwani panya nao hupata lupasi? Walipewa na nani? Na kama wamepona kweli mbona klinikini tunaambiwa hii ni ya kuishi nayo? Nimejaribu kutafuta mwenyewe nikakutana na herufi tupu, MRL, NZB, NOD, nikaona kama nasoma namba za matatu. Mwenye elimu anieleweshe kwa lugha ya nyumbani tafadhali.

kijana_bamburi

Wawachukue hawa wa kwetu nyuma ya jiko wawajaribu. Hawa wamekula sumu ya kila aina wakashiba wakalala. Dawa ikifanya kazi kwa hawa basi ni dawa kweli 😂 Pole lakini dadangu, Mungu amtie nguvu.

Vizimba6

Waaleikum salaam BintiTudor. Huyo wa Bamburi anacheka lakini amegusa kitu kikubwa kuliko anavyojua, ntarudi hapo.

Mimi mtu wa Majengo ila nimefanya kazi miaka sita jumba la wanyama wa maabara huko bara. Si daktari, kazi yangu ilikuwa kubadilisha maranda ya vizimba, kupima uzito na kuwakojoza panya. Ndio, kuwakojoza, unamshika ngozi ya shingo unamgusa tumbo taratibu, tone likitoka unalipokea na kile kijikaratasi cha rangi, kilekile anachotumiwa mdogo wako klinikini, kikigeuka ujue protini inavuja na figo zimeshikwa. Kwa hio jibu la kwanza, ndio panya hupata lupasi, na kuna ambao hakuna aliyewapa, wamezaliwa nayo.

Wa kale kabisa ni wa New Zealand. Huko Dunedin kulikuwa na mama mmoja mtafiti, Marianne Bielschowsky, alikuwa akizalisha panya weusi ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1959 ikachapishwa kuwa hao weusi wanaishiwa damu bila kuvuja popote, kinga yao wenyewe inavunja chembe nyekundu. Hao ndo NZB. Baadaye wakamuoza mweusi na mweupe wa hukohuko New Zealand, na watoto wao, wanaitwa NZB/W, wakatoka na kitu kinachofanana na lupasi ya watu mpaka unaogopa, kingamwili za kushambulia DNA yao wenyewe, figo zinaharibika, na majike ndo wanaougua mapema na kufa mapema. Kwa binadamu pia kati ya wagonjwa kumi tisa hivi ni wanawake. Miaka ya 1970 watafiti wakahasi madume ya panya hao wakaona nayo yanaugua mapema, ndo ikajulikana homoni zina mkono wake hapo.

Halafu kuna hao MRL ulowaona, kamili wanaitwa MRL/lpr, walitokea maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Maine, Marekani. Hawa tezi zinawavimba shingoni na kwapani utadhani wamemeza njugu hazikushuka, na mgongoni manyoya yanatoka ngozi inabaki na vidonda. Hao jeni yao moja inaitwa Fas imeharibika. Kazi ya Fas ni kuiambia seli ya kinga wewe umemaliza kazi sasa jiue, ikikosekana ni askari ambao hawastaafu, wanajazana kambini mpaka wanaanza kupiga raia. (Ni jeni jamani, si jini, ami asije akasema si nilikwambia.)

Na kuna wale ambao ugonjwa wanapewa. Wa baridi yabisi anadungwa kolajeni, protini ya gegedu, ya kuku au ng'ombe ilochanganywa na mafuta na vijidudu vya TB vilokufa ili kinga ishtuke, baada ya wiki tatu nne vinyayo vinafura, nami napita na ile kalipa ya mafundi vyuma napima unene wa kinyayo kila asubuhi. Wa maltipo sklerosisi, ule ugonjwa wa kinga kushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, anadungwa kipande cha protini ya ala ya neva, na hao dalili ya kwanza ni mkia. Ukimuinua mkia unaning'inia kama uzi, kesho miguu ya nyuma inaburuta, unampa alama kuanzia 0 mpaka 5 unaandika kwa daftari. Hio kazi sikuwahi kuizoea.

Sasa ukisikia panya wamepona, swali la kwanza kuuliza ni panya GANI, maana hakuna panya mwenye lupasi yote. Huyu ana kipande cha figo, yule ana kipande cha tezi, na wa kuku hata si mgonjwa wa kuzaliwa, ni wa kuchokozwa. Swali la pili dawa alipewa lini. Mara nyingi sana dawa huanzwa panya akiwa bado mzima, wiki ya sita ya nane, kisha wanangoja waone kama ataugua, asipougua wanaandika amekingwa. Mdogo wako hakufika hospitali akiwa mzima. Hapo kwa lini ndo video nyingi zinaficha.

BintiTudor

Yarabi. Kumbe hata kijikaratasi ni kilekile. Asante kaka umenifungua macho. Ila sasa umenitia baridi, yaani dawa zote hizo ni za panya tu hakuna iliyofika kwetu?

kisauni_bio

Zimefika dada, usivunjike moyo. Mimi nasoma baiolojia mwaka wa nne nitakueleza nilosoma, wakubwa watanisahihisha.

Mfano mzuri ni baridi yabisi. London, taasisi ya Kennedy, Marc Feldmann na Ravinder Maini walikuwa wanashuku protini moja ya kinga inaitwa TNF kuwa ndo inayowasha moto kwenye viungo. Wakati huohuo Ugiriki mwaka 1991 wenzao wakatengeneza panya mwenye jeni ya TNF ya binadamu iliyozidi, panya akajifanyia baridi yabisi mwenyewe bila kudungwa chochote, wakizuia TNF viungo vinapona. Mwaka 1992 wa London wakachapisha ya panya wa kolajeni, na hapa zingatia swali la kaka Vizimba la LINI, dawa ilisaidia hata ilipoanzwa miguu ishafura. Mwaka huohuo wakaanza kwa wagonjwa wachache hospitalini na wakainuka. Leo dawa za kuzuia TNF, kina infliksimabu na wenzake, zimetumiwa na watu wengi mno dunia nzima, hata hapa kwetu zipo kwa mwenye uwezo.

Sasa sikiliza upande wa pili. Dawa ya namna ileile ya kuzuia TNF, inaitwa lenasepti, wakaichukua kwa maltipo sklerosisi kwa sababu wale panya wa mkia kulegea walikuwa wanapata nafuu safi. Matokeo ya wagonjwa yakatoka 1999, waliopewa dawa walipata mashambulizi mengi zaidi na mapema zaidi kuliko wale waliodungwa kitu kitupu. Si kwamba haikusaidia, iliwazidishia. Dawa moja, TNF ileile, kiungo cha goti inatibu na ubongoni inachokonoa, na panya hakutuambia.

Na ya lupasi yenyewe ndo iloniuma zaidi niliposoma. Kuna kishikio juu ya seli za kinga kinaitwa CD40L. Panya wa New Zealand waliozibiwa kishikio hicho figo zao zilitulia wakaishi umri. Wakaenda kwa watu, damu ikaanza kuganda kwenye mishipa ya wagonjwa, majaribio yakasimamishwa. Walipochimba wakakuta chembe za kugandisha damu za binadamu zina kipokezi ambacho za panya hazina kabisa, dawa ilikuwa inanasa hapo. Yaani ungewajaribu panya hao hata elfu kumi usingeona tone limeganda. Wameikata hio dawa mkia unaonasa, wamerudi nayo upya, moja inaitwa dapirolizumabu na jaribio kubwa la 2024 lilitoa matokeo mazuri kwa wagonjwa wa lupasi. Kwa hio wazo la panya lilikuwa sawa, kilichokosewa ni umbo la dawa. Karibu miaka ishirini na tano hapo katikati.

kijana_bamburi

Miaka 25! Panya mwenyewe anaishi miwili 😅

Vizimba6

Ndo maana wanapendwa bana, mimba siku 20 hivi, mwaka mmoja ushaona ugonjwa mwanzo mpaka mwisho. Mtu utamngojea mpaka uzeeke wewe.

Lakini nilisema ntarudi kwa panya wako wa jikoni. Sikiliza hii. Panya wa maabara hajawahi kuugua mafua. Maji yake yamechemshwa, chakula kimepigwa joto, hewa imechujwa, mimi nikiingia kwake navaa kofia glavu na viatu vya mfuko kama naingia chumba cha upasuaji. Na kumbuka wote kizimbani ni pacha, ndugu kwa ndugu vizazi vingi, ukimjaribu mmoja umemjaribu yuleyule mara hamsini. Mwaka 2016 watu wa Minnesota walilinganisha kinga ya panya hao na panya wa dukani, wale wa kuuzwa kama kipenzi, wakakuta kinga ya panya wa maabara inafanana na ya mtoto mchanga wa binadamu, na ya yule wa dukani ndo inafanana na mtu mzima. Panya wa Marikiti aliyepita kwenye mitaro na magunia ya pilipili yuko karibu na wewe kuliko huyo wa kizimbani.

Na usafi wenyewe unabadilisha ugonjwa. Kuna hao NOD, wa kisukari, walitoka Japani, walitangazwa 1980. Wanapata kile kisukari cha watoto ambapo kinga inaua seli za insulini, na hapo pia majike wanaongoza. Ukiwaweka safi kabisa wengi wanaugua. Ukiwaacha wakapata minyoo au virusi fulani wanaougua wanapungua. Maabara mbili, panya wa ukoo mmoja, chakula kimoja, majibu mbalimbali, ugomvi kumbe ni vizimba. Sisi tulikuwa tukibadilisha maranda siku tofauti mtafiti anatugombeza, nikadhani ana kiburi, kumbe alikuwa na haki yake.

Hao NOD ndo wameponywa kwa dawa nyingi kuliko panya yeyote nadhani, mpaka watu wa fani wanatania kuwa kumzuia NOD asipate kisukari si habari tena. Ila moja ilipenya. Ufaransa mwaka 1994 walionyesha kuwa kingamwili dhidi ya CD3, kishikio kingine juu ya seli za kinga, inaweza kumrudisha panya ambaye ASHAANZA kisukari. Tena ni lile swali la lini. Dawa ya watu ya njia hio, teplizumabu, ikaidhinishwa Marekani Novemba 2022, kwa kuchelewesha kisukari kwa wanaoelekea kukipata, kwenye jaribio ilichelewesha kama miaka miwili. Kuchelewesha tu, haiponyi. Mama mwenye mtoto wa miaka minane atakwambia miaka miwili bila sindano ni kitu gani.

Ami_Kibokoni

Nawasoma vijana, mashallah mna elimu. Lakini nauliza, na hao viumbe je? Mnawadunga mpaka mkia unalegea, mnawakata figo. Sisi tumefunzwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha na yalomfika. Panya hana ulimi wa kulalamika.

(Na mimi si yule ami wa ubani.)

Vizimba6

Shikamoo ami. Swali zito na sina jibu la kukuridhisha. Naweza kukwambia tulivyofanya. Hakuna kazi inaanza bila kamati kuisoma na kuuliza kwa nini panya hamsini si thelathini. Kuna mambo matatu tulifundishwa siku ya kwanza, yalitoka kwa Waingereza wawili Russell na Burch mwaka 1959, kwamba ukiweza kutumia njia isiyo ya mnyama itumie, ukishindwa punguza idadi, na hao watakaobaki wapunguzie maumivu. Kwetu panya akipoteza sehemu ya tano ya uzito wake hatungoji mtafiti amalize takwimu zake, analazwa usingizi siku hiohio. Wale wa miguu ya kuburuta tulikuwa tunawawekea chakula kilicholoweshwa chini kwenye maranda maana hawafiki juu. Mimi nikiingia usiku nilikuwa nasema bismillah kabla ya kufungua mlango, sijui kwa nini.

Siku hizi kuna mambo ya viungo vidogo vya kukuza kwenye sahani na kompyuta, na Marekani sheria ya Desemba 2022 imeondoa ulazima wa kila dawa kupita kwa wanyama kwanza. Ila lupasi ni ugonjwa wa mwili mzima ami, ngozi, figo, damu, ubongo vyote vinazungumza, sahani moja haijaweza hayo.

Ami_Kibokoni

Marhaba. Umejibu kiungwana. Moyo wangu bado haujatulia lakini nimekusikia.

dawa_changamwe

Jamani nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi mfamasia. BintiTudor shoga yangu, kwanza huyo mdogo wetu asiache vidonge kwa sababu ya video, nimeshaona mtu ameacha wiki sita akisubiri muujiza akarudi amefura miguu na uso. Ile haidroksiklorokwini anayomeza, kama ni ile, iendelee na macho yapimwe kama daktari alivyopanga. Na jua la kwetu la kaskazi si la mchezo kwake, heri buibui imekuja na kazi mbili.

Sasa niseme kuhusu hio dawa, maana ni ya malaria kwa asili, na wateja wengi wakiisoma kwenye boksi wanarudi kunigombeza ati nimewapa sio. Mwaka 2020 wakati wa korona iliadimika, wagonjwa wangu wa lupasi walikuwa wanavuka feri na kurudi mikono mitupu, sitasahau. Lakini malaria na lupasi zina kisa kirefu kuliko dawa. Miaka ya 1960 kulikuwa na daktari Mwingereza, Brian Greenwood, akifanya kazi Ibadan, Nigeria. Akashangaa mbona wodini haoni baridi yabisi wala lupasi kama alivyozoea kwao. Mwaka 1968 akaandika kuwa labda vimelea, malaria hasa, vinaishughulisha kinga. Kisha hakuishia kuandika, alikwenda kwa panya. Yeye na wenzake wakachukua hao hao panya wa New Zealand wa kaka Vizimba wakawaambukiza malaria ya panya, na mwaka 1970 wakachapisha kwamba walioambukizwa ugonjwa wa kujishambulia ulipungua. Mimi niliposoma hio niliweka simu chini nikatembea kidogo. Wazo limezaliwa wodini Afrika, likajibiwa na panya wa New Zealand.

Kabla mtu hajatoka mbio, HAPANA, malaria si tiba ya lupasi, malaria inaua. Na tena mimi naamini sehemu ya ule uchache wa wagonjwa ilikuwa ni kutopimwa, angalia huyu wetu alivyozungushwa na taifodi na ubani kabla ya jina kupatikana.

Ya video sasa. Nadhani ni zile seli za CAR-T. Ni hivi, wanachukua seli T za damu, wanazitia kifaa cha kuzifanya zitambue seli B, maana seli B ndo mama wa zile kingamwili za kushambulia mwili, kisha wanazirudisha. Kwa panya ilichapishwa 2019, na walitumia koo mbili, NZB/W na MRL, si moja, kingamwili mbaya zikapotea na panya wakaishi zaidi. Na hapa ndo tofauti na video nyingi za upuzi, hii IMEFIKA kwa watu. Mwaka 2021 Wajerumani wa Erlangen walitoa habari ya msichana wa miaka 20 mwenye lupasi kali ya figo, na 2022 wagonjwa watano, wote wakatulia na kuacha dawa zao. Kwa hio ami wa familia amekosea kusema upuzi. Na mama naye asiuze kiwanja. Waliopewa ni wale ambao dawa zote zilishindwa, kabla ya kurudishiwa seli mtu anapewa dawa za saratani za kumfagia, kisha analazwa kwa sababu kinga inaweza kulipuka. Zile za saratani zinazouzwa Marekani bei yake inapita dola 300,000, hio ni bei ya dawa pekee bila kitanda. Mdogo wako kama figo zimetulia kwa vidonge hayuko kwenye foleni hio kabisa, na kutokuwa kwenye foleni hio ni neema.

Klinikini muulizeni daktari mambo ya kawaida tu, protini ya mkojo iko ngapi safari hii kulinganisha na ile ya mwisho, na steroidi itapunguzwa lini. Kuna na dawa nyengine, belimumabu, iliidhinishwa Marekani 2011, nayo ilianza na panya waliozidishiwa protini moja inayolisha seli B wakapata kitu kama lupasi. Kupatikana kwake huku ni taabu lakini jina mlijue.

kisauni_bio

Kuongezea tu dogo, Nobeli ya tiba ya 2025 ni ya mambo hayahaya, na panya tena. Miaka ya 1940 huko Oak Ridge Marekani, mahali pa kuchunguza mionzi, walizaliwa panya madume wenye ngozi ya magamba, wanakufa wiki chache tu. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakatafuta jeni mojamoja mpaka wakaipata 2001, inaitwa Foxp3, na watoto wa kiume wa binadamu wenye ugonjwa kama huo wakakutwa na kasoro kwenye jeni hiohio. Mwenzao Mjapani Shimon Sakaguchi alikuwa ashaonyesha 1995 kuwa kuna seli T ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Yaani ndani ya kinga kuna polisi wa jeshi. Ukiwakosa, ndo magamba.

kijana_bamburi

Nimeingia hapa kucheka natoka na digrii. Leo nikimuona buku jikoni ntamwambia hodi.

BintiTudor

Wallahi sijui niwashukuru vipi. Nimemsomea mamangu yote kwa sauti, pale pa dola laki tatu akasema astaghfirullah na kiwanja kimenusurika. Ami nimemtumia hapo pa Erlangen, ameisoma, alama za buluu nimeziona, hajajibu 😂 Jumanne tunaenda klinikini nimeandika maswali ya dada Changamwe kwa daftari.

Mgonjwa mwenyewe amesoma juu ya bega langu tangu jana. Ananinyang'anya simu sasa

Haya ni mimi mdogo mtu. Nimesoma ya panya wa New Zealand jike nikaona ni kama mwanafunzi mwenzangu, mimi pia ni protini kwa mkojo na kujiburuta asubuhi. Sina swali la jeni. Kaka Vizimba wewe uliwalea, nataka kujua kitu kimoja. Yule aliyepata nafuu, kabla hujapima chochote, ulikuwa unajuaje?

Vizimba6

Dadangu, hilo katika miaka sita hakuna mtafiti aliniuliza.

Panya akiumwa anajikunja kwa kona, manyoya yamesimama, macho nusu. Kila kizimba tunaweka pamba au karatasi laini ya kutengenezea kiota. Mgonjwa haigusi. Unakuja asubuhi pamba iko palepale ulipoiacha jana. Siku anayoanza nafuu, kabla uzito haujapanda, kabla ya kijikaratasi, unakuta pamba imechanwachanwa imekusanywa kona moja, ametengeneza kitanda. Mimi nilikuwa nikiona hivyo naandika kwa penseli pembeni ya daftari, ametandika. Hakukuwa na safu ya hio kwenye fomu.

BintiTudor

Mimi tena mdogo mtu. Leo nimetandika. Shuka pande moja refu kuliko nyengine lakini nimetandika. Sasa namrudishia simu mwenyewe, na aniletee viazi karai, ukwaju mwingi.